Huduma ya uzazi wa majira kituo chetu cha afya Pemba: wanaweka, na ukitaka wanatoa

Asalaam aleikum wenzangu. Kuna dada kanitumia meseji anauliza kama huduma ya uzazi wa majira kwenye kituo chetu cha afya huku Kaskazini Pemba inafaa au bora afunge safari ende spitali kubwa, nkaona badala ya kumjibu yeye peke yake niandike hapa tufaidike sote. Jina la kituo silitaji mana manesi sikuwaomba ruhusa, wa huku mtakijua wenyewe. Na ntaandika kwa urefu, kwa sababu siku hizi kila baraza na kila grupu la wasap hakosekani mtu wa kudai serikali itoe sheria ya idadi ya watoto, watatu au wanne basi, na wengi wanaolisema hilo hawajawahi kukaa kwenye lile benchi la kituo hata siku moja.

Huduma inafaa, nendeni. Gari ya shamba inakushusha njia kuu unatembea kidogo tu, na vitu vyote vya uzazi ni bure. Nilokipenda mwanzo kabisa ni kwamba hawakutenga siku yake, ni asubuhi ile ile ya kliniki ya watoto, ya uzito na chanjo, kwaiyo ukikaa pale na mtoto mapajani hakuna anojua umekuja kwa lipi. Nyinyi mnaoishi vijijini mnajua hilo lina thamani gani, shehia nzima ni ndugu, ukionekana umeingia mlango fulani asubuhi basi adhuhuri mama mkwe kashapata habari. Kuna vituo vina siku maalum, wanawake wanaona haya hawendi, halafu inaandikwa kwamba kina mama wa Pemba hawataki. Kutaka wanataka, hawataki kuangaliwa tu.

Chumba ndo kasoro. Ni pazia tu si mlango, na pazia lenyewe fupi, ukisema ndani walio kwenye benchi wanasikia, mimi nilizungumza kwa kunong'ona muda wote na nesi naye kwa kunong'ona. Hili jamani halihitaji mfadhili kutoka nje, ni fundi na mbao.

Nesi alonihudumia ni mtu mzima, nilimuamkia akaitikia vizuri akaniuliza suala ambalo sijawahi kuulizwa kwengine, "mwanangu, unataka kupumzika au umeshamaliza?" Hakuniuliza nna wangapi kwanza. Nikamwambia nataka kupumzika, huyu wa mgongoni bado ananyonya. Basi akatoa vitu vyote akaviweka mezani nikavishika kwa mkono wangu, vidonge, kondomu, sindano ya miezi mitatu, kijiti cha miaka mitatu na vile viwili vya miaka mitano, na kitanzi kisichokuwa na dawa cha miaka kumi na zaidi, akanieleza kimoja kimoja na ubaya wake. Sindano akasema ukiacha mimba inaweza kuchelewa miezi kadhaa kurudi kwaiyo kama unataka mtoto karibu usiichague. Vijiti akasema damu inaweza kuja ovyo ovyo au ikakata kabisa, usishituke lakini ikikushinda njoo. Kitanzi siku za mwanzo damu inaweza kuwa nyingi na tumbo likauma. Vidonge usahau kimoja kimoja ndo unaingia hatarini, na vya wanaonyonyesha ni vyengine. Akanipima presha. Akanambia hata kunyonyesha peke yake kunazuia, lakini ni kwa miezi sita ya mwanzo tu, na ni kama mtoto hapewi chochote chengine hata uji wala maji na damu yako haijarudi, nje ya hapo usijidanganye.

Kuhusu mume hakuniomba barua. Alisema, "Baba watoto akijua ni vizuri zaidi, mkija pamoja ntamueleza na yeye, lakini mwenye mwili ni wewe." Nasema hivi kwa sababu kuna pahala pengine mjini, na si zamani, mwenzangu mmoja alirudishwa nyumbani akamlete mume ndo apewe sindano, na mume yuko Dar kikazi.

Sasa nifike kwenye lilonifanya nikipende kituo hichi kuliko vyengine vyote, nalo ni kutoa. Kijiti changu cha mwanzo sikuwekewa hapa, niliwekewa spitali moja nikiwa Unguja, nisiitaje. Kuweka ilikuwa dakika chache, tabasamu na hongera. Damu ikawa haikatiki, leo ipo kesho haipo keshokutwa ipo, sala zangu zinavurugika, Ramadhani siijui nafunga au nalipa, nimekonda. Nikarudi nikitoe. Nikaambiwa miaka bado haijafika. Nikarudi tena nikaambiwa vitu hivi vinanunuliwa pesa nyingi, serikali haiwezi kuweka na kutoa kila mtu anavyotaka. Mara ya mwisho nikaulizwa nna watoto wangapi, nilipojibu nikaambiwa wanatosha hao, kapumzike. Nilitoka pale nalia. Mkono ni wangu, kilo ndani ya mkono wangu, na mtu mwengine ndo anoamua kikae au kitoke.

Huku Pemba nesi aliniuliza kwa nini nataka kukitoa, na nilipoanza kujitetea akanikatisha akasema hanizuii, anataka kujua kama nahitaji njia nyengine au natafuta mtoto ili anishauri vizuri. Akapiga ganzi, akachana kidogo, akavuta, akafunga kitambaa, basi. Kilochouma ni ile sindano ya ganzi tu. Nikamuuliza kama wengi wanakuja kutolewa, akasema wanakuja, na wengi wao baadae wanarudi wenyewe kuwekewa tena au kubadilisha, kwa sababu wanajua mlango uko wazi. Na wakitoka hapo ndo wanowaleta dada zao na mashoga zao.

Kwaiyo mimi kituo nakipima kwa kutoa. Kuweka kila mtu anaweka, kuna hesabu za kupeleka juu na kila alowekewa anaingia kwenye hesabu. Anotolewa haingii pahala popote pa kusifiwa.

Na hapa ndo nakuja kwenu mnaotaka sheria ya idadi. Mimi sipingi wasiwasi wenu, ni wa kweli. Sensa ya 2002 Zanzibar tulikuwa watu 984,625, ya 2022 tukawa 1,889,773, yani miaka ishirini tumekaribia kuwa mara mbili na ardhi ni ile ile haikuongezeka hata pima moja. Mashamba tulokuwa tunalima sasa ni viwanja, skuli watoto wanaingia kwa mikondo, asubuhi na mchana, visima vinatoa maji ya chumvi. Mtu akisema tufikirie, simuiti adui wa dini wala kibaraka wa wazungu. Lakini kufikiria ni kitu kimoja na kuipa serikali nguvu ya kumwambia mtu basi usizae tena ni kitu chengine kabisa, na nchi zilojaribu zipo tunaziona.

China amri ya mtoto mmoja ilianza mwishoni mwa miaka ya 70 ikenda mpaka 2015. Mwanamke akishazaa alikuwa anatiwa kitanzi, na kilotumika sana ilikuwa pete ya chuma isiyo na uzi. Alowahi kutia kitanzi anajua ule uzi ndo wa kukivutia, bila uzi kukitoa ni kazi ya daktari na vyombo, na daktari ni wa serikali. Aliyefika watoto wawili alitakiwa kufungwa uzazi moja kwa moja, na mwaka 1983 peke yake walofungwa uzazi, wengi sana wao wanawake, walipita milioni 20. Waliozidisha walitozwa faini kubwa, wengine walitolewa mimba kwa nguvu. Watu wakawa wanataka huyo mmoja awe wa kiume, wasichana wakapungua. Sasa 2016 wakaruhusu wawili, 2021 watatu, na tangu 2022 idadi yao inashuka na serikali ile ile inabembeleza watu wazae. Halafu wanaotutajia China hawatutajii kwamba kabla ya amri yenyewe, kati ya 1970 na 1979, wastani wa watoto kwa kila mama China ulishashuka kutoka karibu sita mpaka chini ya watatu. Sehemu kubwa ya kazi ilishafanyika.

Na msidhani ni mambo ya makomunisti tu. Greenland iko chini ya Denmark, nchi inosifiwa kwa haki za binadamu, na kuanzia 1966 madaktari wake waliwatia vitanzi maelfu ya wanawake wa kule, kiasi cha 4,500 mpaka 1970 ambao ni karibu nusu ya wanawake wa umri wa kuzaa, wengine watoto wa skuli, wengi bila kuulizwa. Kuna walokaa miaka wanatafuta mtoto hawapati na hawajui ndani yao mna nini. Denmark imeomba radhi rasmi 2025. Peru wakati wa Rais Fujimori, miaka ya 90, wanawake zaidi ya laki mbili na nusu walifungwa uzazi, wengi maskini wa milimani wasojua lugha ya daktari, na wengi wamesema hawakuelezwa au walishurutishwa. Angalieni ni nani anofikiwa na mkono huo kila pahala. Ni mwanamke, maskini, wa kijijini. Yani sisi.

Sasa ilete sheria hiyo hapa kwetu tuone inavyokwenda. Tuseme watoto wanne. Wanne wa nani? Kama ni wa mwanamme, basi mwenye wake watatu kila mke apate mmoja na yule mwengine apate wawili, nani apate wawili, mkubwa au mdogo, na atoamua ni sheha? Kama ni wa mwanamke, basi mume wake anaweza kuwa na kumi na wawili na hajavunja sheria, mke akizidisha mmoja ndo mkosa. Na jamani sisi tunaachika. Mwanamke kazaa wanne na mume wa kwanza, kaachwa, watoto kabaki nao yeye na mama yake, sasa kaja mtu mwema anataka kumuoa, nae anataka walau mtoto mmoja na yeye. Sheria inasema huyu mwanamke kashamaliza fungu lake. Atamuoa nani? Yule mume wa zamani yeye kashaoa msichana na fungu jipya limeanza. Sheria haitojua haya, sheria inajua kuhesabu matumbo, na tumbo linaonekana, la mwanamme halionekani.

Na alozika je? Huku kuna mama kazaa sita kazika watatu, anahesabiwa sita au watatu? Atakwenda kueleza misiba yake kwenye dirisha la ofisi gani?

Sikubali kabisa. Na sababu yangu nyengine ni kwamba nguvu hii ukishaipa serikali huwezi kuiambia iende upande mmoja tu. Romania 1966 mtawala wao Ceaușescu alitaka watu wawe wengi, akapiga marufuku kutoa mimba na vizuizi vikawa havipatikani, wanawake wakawa wanapimwa makazini kama wana mimba, wakafa kwa maelfu kwa kutoa mimba mafichoni mpaka alipopinduliwa Disemba 1989. Iran ilianza vizuri, miaka ya 90 masomo kabla ya ndoa, vidonge bure mpaka vijijini, mashekhe wao wenyewe wanahimiza, familia zikapungua kutoka wastani wa watoto sita na zaidi mpaka kama wawili, halafu serikali ikabadilisha mawazo na sheria ya 2021 ikakataza vituo vya umma kugawa vitu hivyo bure. Mwanamke ni yule yule, mwili ule ule, kila kizazi cha wakubwa kinamwambia lake.

Na sisi wenyewe tunayo. Bara 2018 Rais Magufuli, Mungu amrehemu, alisema hadharani wanaopanga uzazi ni wavivu, na mwezi ule ule matangazo ya uzazi wa mpango redioni na kwenye tivi yakasimamishwa. Afya si jambo la Muungano lakini redio hazina mpaka, huku kina mama waliuliza kama sindano zimekatazwa. Na hapa hapa Zanzibar ilikuwepo sheria ya 1985, mwanamke asie na mume akishika mimba anafungwa jela mpaka miaka miwili. Ilikuja kubadilishwa 2005. Miaka ishirini yote hiyo mimba ilikuwa ushahidi wa mahakamani, na mimba haimuoneshi baba. Wazee wetu wanayakumbuka haya, lakini kwenye mjadala wa idadi ya watoto simsikii mtu anayataja.

India 1976 nayo waliona wakilazimisha watamaliza haraka, wakati wa hali ya hatari mtoto wa waziri mkuu, Sanjay Gandhi, akasimamia kampeni, mwaka mmoja wakafungwa uzazi watu zaidi ya milioni sita, wengi wanaume, maafisa wamepewa idadi za kufikisha na watu wanazolewa mitaani na vijijini. Machi 1977 mama yake akashindwa uchaguzi. Kibaya zaidi kwa maoni yangu ni kilofuata, wanaume wa India tokea hapo wakaichukia njia ile na mpaka leo karibu mzigo wote uko kwa wanawake. Ukilazimisha unaharibu na kile ambacho watu wangekubali wenyewe.

Kuhusu dini sitosema mengi, mimi si mwanachuoni. Najua mama kunyonyesha miaka miwili kamili ipo kwenye Qur'ani, najua azl, yani mume kumwaga nje, masahaba walisimulia wakifanya zama za Mtume s.a.w., na najua tumekatazwa kuua watoto kwa kuogopa umaskini. Shekhe wetu wa msikitini nimemsikia kwa masikio yangu akisema kupishanisha watoto kwa ajili ya afya ya mama na mtoto halina ubaya wakikubaliana mke na mume, na kuzuia kabisa kwa amri ya mtawala hilo ni jengine. Na wataalamu wa afya wanasema ukishazaa subiri walau miaka miwili ndo utafute mimba nyengine. Hapo dini na daktari wamekaa pahala pamoja, kwa nini tuondoke hapo kwenda kwenye faini na jela.

Serikali nguvu inayo na itumie, mimi nadai itumie. Ihakikishe vijiti havikatiki. Isomeshe wasichana mpaka wamalize, mana msichana akimaliza skuli anaolewa baadae na anazaa kwa kupanga mwenyewe bila kuambiwa na mtu, hili limeonekana nchi nyingi. Iwasomeshe wale wahudumu wa afya wa mpango wa Jamii ni Afya wanopita majumbani na simu zao wasiseme "umezaa wengi bibi", waseme kuna hiki na hiki na hiki. Thailand hawakuwa na amri ya idadi, walipeleka vidonge na kondomu mpaka madukani vijijini, wakashuka kutoka watoto sita mpaka chini ya wawili kwa kiasi cha miaka thelathini. Sisi bado matumizi yako chini sana ukilinganisha na Bara, na wanaosema tufikie amri hawajatuambia tumeshindwa kwa lipi wakati njia ya hiari hatujaifika hata nusu. Pale kituoni miezi fulani sindano zinaisha, nesi anakwambia nenda ukarudi, na mtu alotoka mbali kwa nauli ya pesa za kuuza mwani hawezi kwenda na kurudi, anarudi akiwa na mimba. Huyo nae mtamtoza faini?

Basi nyota nne kati ya tano. Ya tano nimeizuia kwa lile pazia na kwa vitu kuisha. Maneno ya nesi yule na jinsi anavyokutoa ukitaka kutolewa ningempa zote tano na zaidi.

Mnaokwenda, wahini kabla ya saa tatu mana foleni ya chanjo inakuwa refu, mchukue mtoto na kadi yake apimwe hapo hapo. Kitanzi anajua kuweka nesi mmoja tu kwaiyo ulizieni siku zake kabla hamjapanda gari. Na popote mtapokwenda, kituo hichi au chengine, kabla hamjanyoosha mkono kuwekewa kijiti mwambieni nesi awatajie ni nani anotoa pale na siku gani.